Saa Moja ya Gazetini

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo. Nimejiwekea ahadi kwamba miezi mitatu ya majaribio haitapita bila kumbukumbu, kwa sababu mtu anayetaka kufika mbali hana budi kujua alianzia wapi. Cheo changu ni msaidizi wa ratiba katika idara ya vipindi ya kituo cha televisheni. Ninaandaa orodha ya vipindi vya juma zima, ninaipeleka gazetini kila Alhamisi, na ninapaswa kuhakikisha kwamba kinachoonekana kwenye kioo ndicho kilichoandikwa. Nimepewa meza iliyo chini ya dirisha linalovuja, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na simu ambayo wenzangu walinikabidhi kwa haraka iliyonitia shaka.

Kabla ya saa tano nilikuwa nimeshaelewa sababu ya haraka ile.

"Nyie watu mna saa huko, au mnakisia?" aliuliza mama mmoja.

Nikamjibu kwa heshima kwamba malalamiko yake yamepokelewa.

"Na nani?"

"Na mimi, mama."

"Haya. Yaweke pamoja na yale ya mwaka jana."

Mvua ya kwanza ilinikuta njiani nikirudi.

Jumatano, 5 Machi

Kwa siku mbili nimelinganisha orodha ya gazetini na kilichorushwa. Katuni iliyoahidiwa ilikuwa mjadala wa afya ya meno. Mechi iliyoandikwa kuwa ya moja kwa moja ilikuwa ya msimu uliopita, na mchezaji aliyefunga bao ameshastaafu. Tamthilia ya jioni, ambayo kila mtu huiita tamthilia ya saa moja, ilianza saa moja na nusu jana, na saa moja na nusu leo.

Niliteremka kumuuliza mrusha matangazo, bwana mwenye mwili mkubwa anayekaa kutwa mbele ya vioo na vitufe, ambaye jengo zima linamwita Swichi.

"Mkubwa, tamthilia imechelewa nusu saa."

"Haijachelewa."

"Gazeti limeandika saa moja."

"Gazeti limeandikiwa saa moja, mimi nimeandikiwa moja na nusu. Kila mtu na karatasi yake, Bwana Digrii."

Akanieleza bila haya yoyote. Gazeti hupewa saa moja ili watu wakae mapema, kisha nusu saa ile hujazwa matangazo ya sabuni na mabati. Mchezo huo una jina humu ndani: kuwahisha. Mkuu wa Vipindi aliukuta, na aliyemtangulia aliukuta.

"Kwa hiyo tunawadanganya makusudi?"

"Tunawaketisha. Chakula kinapakuliwa baadaye. Umeona nani amekufa njaa?"

Nimetoka pale nikiapa kuukomesha mchezo huo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka orodha gazetini, na uongo wake ndani. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Ninaishi kwa shangazi, dada yake baba, ambaye amenilea tangu nikiwa darasa la pili. Nyumba yetu iko katika mtaa wa bondeni, karibu na mto kiasi kwamba ukitema mate dirishani huna uhakika yameangukia nchi kavu. Chumba cha mbele ni karakana yake ya kushona: vyerehani vitatu vya mota na marobota ya vitambaa vya sare za shule, mali ya wateja. Ukuta wa pili anaishi Babu Reli, dereva wa treni mstaafu ambaye miguu yake haimbebi tena. Juu ya mteremko kuna shule. Chini ni mto, na mbali, kule unakotokea mto, kuna bwawa.

Bwawa likijaa, wahandisi hufungulia milango, na maji huchukua kama saa mbili kufika kwetu. Tangazo husomwa kwenye kituo chetu kabla tu ya tamthilia, kwa kuwa wakati huo ndipo mtaa mzima unapokuwa mbele ya kioo. Ujumbe wa simu hakuna anayeuamini. Mwaka juzi ujumbe wa uongo uliwatoa watu wote majumbani, na waliporudi wakakuta wezi wameshapita. Tangu hapo watu wa bondeni wana kauli moja: kama mtangazaji hajalisema kwa mdomo wake, halijatokea.

Radi nazo hazichezewi. Zikianza kupiga, kila nyumba huchomoa televisheni ukutani na kuzima simu, maana mwaka jana televisheni nyingi ziliungua. Vyombo hurudishwa kwenye umeme saa ya tamthilia tu, na kwa tamthilia hiyo shangazi yuko tayari kupigwa na radi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeona jambo lenyewe linavyokwenda. Nilikuwa nyumbani. Radi zilipiga tangu alasiri. Saa moja na nusu ilipokaribia, shangazi akachomeka televisheni, akamsogezea Babu Reli kiti chake, na mtangazaji akatokea: milango ya bwawa inafunguliwa, wakazi wa bondeni waondoke. Hakuna aliyepiga kelele. Jirani yetu fundi viatu aliingia na wenzake watatu bila kubisha, wakamnyanyua Babu na kiti chake.

"Polepole na mabehewa," alisema Babu akiwa hewani.

"Wewe behewa gani na uzito wote huu? Wewe injini," fundi viatu alimjibu.

Tulipandisha vyerehani darini kwa kamba, tukapandisha vitambaa, tukafunga milango, tukaenda shuleni. Maji yalipofika hayakuvuka kizingiti. Shangazi alilalamika kitu kimoja tu, kwamba ameikosa tamthilia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemkabidhi Mkuu wa Vipindi pendekezo la kurasa nne la kukomesha kuwahisha. Ni mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya chini inayokulazimisha uache kuandika ili uisikie. Mwanzoni nilimhesabu kuwa mtu aliyechoka. Leo nimejirudi. Alisoma kurasa zote nikiwa nimesimama, akapiga mstari chini ya sentensi mbili.

"Gazeti linataka kutunyima ukurasa," alisema. "Barua za wasomaji zimewachosha. Mkurugenzi anataka ratiba ya kweli, na mdhamini wa tamthilia anaitaka pia. Umekuja wakati mzuri, kijana."

Kwamba itawezekana, na kwamba nitakuwa nimeifanya mimi! Nilijikaza nisitabasamu.

"Ila hii aya ya mwisho," aliendelea, "ya kuwatangazia watazamaji. Itoe."

"Nilidhani wanapaswa kufahamishwa, mama."

"Tukisema kuanzia sasa saa moja ni saa moja, mtu atauliza zamani ilikuwa nini. Tunabadilisha kimya kimya. Watazoea."

Nimeiona hoja yake kuwa ya busara. Nimeitoa aya hiyo jioni hii, na bila shaka pendekezo limekuwa fupi na safi zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Tamthilia imeanza saa moja kamili. Kila kipindi kimekaa pale kilipoandikwa. Nilisimama nyuma ya kiti cha Swichi na gazeti mkononi nikiweka alama, naye akaniuliza kama ningependa aniletee na filimbi.

Jumatano, 2 Aprili

Simu zimeongezeka badala ya kupungua.

"Mbona mmeanza kabla ya saa?"

"Tumeanza saa moja, bwana. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndicho ninachokwambia. Imeandikwa saa moja, na nyie mkaanza saa moja."

Niliwasimulia wenzangu, wakacheka mpaka machozi. Mkuu wa Vipindi naye alitabasamu. Akasema mkurugenzi ameuliza jina langu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimetoka mapema leo. Saa moja ilipogonga, televisheni ya shangazi ilikuwa imezimwa na yeye yuko kwenye cherehani, anapinda ukosi.

"Shangazi, tamthilia imeanza."

"Bado."

"Imeanza. Orodha nimeipanga mwenyewe."

"Wakiandika saa moja, ujue ni moja na nusu. Nimeijua hiyo kabla hujajua kufunga kamba za viatu."

Nikawasha. Ilikuwa katikati, na mwanamke alikuwa akilia juu ya jeneza. Shangazi akaacha ukosi.

"Nani huyo amekufa?"

"Sijui, shangazi."

"Umepanga orodha na hujui nani amekufa?"

Babu Reli alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi alikemewa mara moja, na si kwa kuchelewa. Siku hiyo alifika kituoni kabla ya wakati, akaondoka kabla ya wakati, na abiria wakaifuata treni na mizigo kichwani wakimtukania ukoo. Tulicheka sote. Nilimwambia shangazi kwamba itabidi azoee, akanijibu kwamba wanaoandika ndio wazoee kwanza. Nimelala nikiwa na furaha. Mabadiliko yoyote ya maana huanza kwa kupingwa.

Jumanne, 8 Aprili

Hotuba ya kiongozi ilirefuka. Tamthilia imeanza saa moja na nusu. Nimeudhika kupita kiasi.

Jumatano, 9 Aprili

Hotuba nyingine. Saa moja na nusu tena.

"Si nilikwambia?" alisema shangazi nilipoingia, na uso wake uling'aa kama aliyeshinda kesi. "Leo nimeikuta mwanzo kabisa. Na fundi viatu naye. Wewe tuachie saa zetu."

Alhamisi, 10 Aprili

Imerudi saa moja kamili. Nimempigia simu shangazi kumkumbusha, lakini radi zilikuwa zinapiga na simu yake ilikuwa imezimwa.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Mto umebadilika rangi na unatoa sauti ambayo sijapata kuisikia, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Kazini, Mkuu wa Vipindi ameniambia kwamba barua ya kuniajiri rasmi inachapwa na itasainiwa mwisho wa mwezi, kabla hata majaribio hayajaisha. Nilimshukuru kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Nilipofika nyumbani nilimkuta shangazi anahamishia vitambaa kwenye rafu ya juu, kimoja kimoja, bila haraka.

"Wakitangaza nitamalizia," alisema.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika haya katika darasa la shule ya juu ya mteremko, mgongo ukutani. Ni ya jana.

Taarifa ya bwawa ilitufikia jioni. Milango ingefunguliwa saa moja, na safari hii yote, hivyo maji yangefika bondeni kwa saa moja badala ya mbili. Mtangazaji alilisoma tangazo mara mbili, kwa utulivu, dakika chache kabla ya tamthilia. Saa moja kamili tamthilia ikaanza. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama orodha yangu, na naungama kwamba jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa fahari. Jambo la pili lilikuwa shangazi.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia fundi viatu, ambaye huwa haogopi radi.

"Mmeanza kumtoa Babu?"

"Kumpeleka wapi?"

"Tangazo limesomwa. Bwawa linafunguliwa."

"Tangazo gani? Tumechomoa kila kitu, radi zinapasua masikio. Tunachomeka moja na nusu."

Nikamuuliza nje kukoje.

"Kumetulia. Watu wako ndani."

"Kaka, nisikilize. Toka uwaambie. Maji ni mengi kuliko mwezi uliopita."

"Mimi nakujua," alisema. "Mtoto wa pale kwa mama mshonaji, sikutilii shaka. Lakini niwatoe watu mvuani kwa neno la simu? Baada ya mwaka juzi? Kabla sijafika nyumba ya tatu watakuwa wameshanipiga. Semeni kwenye televisheni."

"Limeshasemwa."

"Basi semeni tena, sisi tukiwepo."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Mkuu wa Vipindi alikuwa ofisini na watu wawili wa mdhamini, vikombe mkononi, wakitazama tamthilia. Nikamwomba atoke nje, akatoka.

"Tangazo limesomwa?" aliuliza.

"Limesomwa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Basi sisi yetu tumeyatimiza."

"Hakukuwa na mtu. Bondeni wanawasha saa moja na nusu."

"Gazeti linasema saa moja. Wewe ndiye uliyeandika."

"Gazeti limesema saa moja kwa miaka, na kwa miaka hiyo yote ilikuwa moja na nusu. Sisi ndio tuliowafundisha kutosoma tulichoandika. Na tulipobadilisha hatukuwaambia."

Akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, na macho yake hayakuwa na mahali pa kutulia.

"Nikikata tamthilia katikati wale wawili wanaondoka na pesa zao," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Na orodha yako inarudi kuwa kichekesho. Siwezi kusaini hilo, kijana. Nenda ukapige simu, piga nyingi uwezavyo."

Akarudi ndani na mlango ukafungwa taratibu.

Swichi alikuwa anakula karanga.

"Kata tamthilia," nilimwambia. "Tangazo lisomwe tena."

"Karatasi."

"Hakuna karatasi."

"Bila karatasi sikati hata tangazo la sabuni. Nina watoto mimi."

Nilivuta fomu ya urushaji iliyokuwa mbele yake, nikaandika amri chini ya mstari wa tamthilia, nikatia sahihi. Kwa haraka ile mwandiko hauonekani kuwa wangu. Swichi akausoma huku akitafuna.

"Jina hili halina uzito humu."

"Najua."

"Utafukuzwa."

"Najua, mkubwa."

"Ilimradi unajua." Akafuta mikono kwenye suruali na kusogeza kiti. "Nikate sasa?"

Nilitazama saa. Ilikuwa haijatimia moja na nusu, na bondeni vioo vyote vilikuwa bado vimezimwa. Nikamwambia apitishe maandishi chini ya picha kwa sasa, kisha akate itakapofika nusu, wakikaa. Dakika zile chache ndizo nilizoogopa kuliko zote maishani mwangu, kwa sababu nilikuwa natazama watu wakibusiana kwenye kioo huku maji yakiwa yameshaanza safari, na nilikuwa nasubiri kwa hiari yangu. Mtangazaji aliletwa mbio, nusu ya uso imefutwa poda na nusu bado. Swichi alibonyeza kitufe. Mtangazaji akasoma, akasoma tena, akaendelea kusoma mpaka sauti ikakwaruza.

Simu ya mezani kwangu ikaanza kuita. Mtu wa mjini, kwenye nyumba kavu, aliuliza kwa nini tumemkatia uhondo. Nikamkatia simu. Nikampigia fundi viatu. Alipokea, lakini hakusema na mimi. Nilisikia mvua, vishindo, na sauti yake ikifoka, "Shika mguu wa nyuma, wa nyuma," kisha simu ikakatika.

Nilifika shuleni kwa miguu, kwa njia ya juu. Darasani taa zilikuwa zinawaka na watu wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Nilimwona Babu Reli kwanza, kwenye kiti chake, amefunikwa pazia la mtu. Shangazi alikuwa amelowa hadi kiunoni. Mkononi alikuwa na mkasi wake wa kukatia, hicho tu.

"Vyerehani?" niliuliza.

"Tulikuwa na muda wa Babu au wa vyerehani," alisema.

Fundi viatu alikuwa amelala chini, goti limevimba. Yeye na wenzake walianguka na Babu kwenye mteremko, maji yakiwa yameshaingia uchochoroni. Watu wote wamehesabiwa na wapo. Nimeambiwa hivyo na kila niliyemuuliza, na bado naendelea kuuliza.

Jumamosi, 19 Aprili

Nyumbani. Matope yamefika usawa wa dirisha. Tumechimbua cherehani kimoja, mota imejaa mchanga. Sare za shule zimekuwa donge moja zito, na shangazi anajaribu kuzitenganisha kwa vidole.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama na koleo, pamoja na aya niliyoitoa. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo saa hiyo ni ya kweli," alisema mwishowe. "Tangu mwezi uliopita."

"Ni ya kweli, shangazi. Nilikwambia."

"Mimi uliniambia nikiwa napinda ukosi. Na nikabisha, hilo ni langu. Fundi viatu alimwambia nani? Mama wa nyumba ya mwisho, na mtoto mgongoni, alimwambia nani?"

Nikaegemeza koleo ukutani. Akanyoosha kipande cha kitambaa juu ya goti, akakitazama kama kitaokoleka.

"Ulitaka wakuone umefanya," alisema, si kwa hasira. "Haya, chimba huku."

Jumanne, 22 Aprili

Kazini nilikwenda moja kwa moja kuiona fomu ya Alhamisi. Chini ya sahihi yangu kuna nyingine, kwa wino wa rangi tofauti: ya Mkuu wa Vipindi. Swichi anasema alishuka mwenyewe muda wa tamthilia ulipokwisha, akasaini, akaondoka.

Nilimfuata kumshukuru.

"Usinishukuru," alisema. "Nimesaini maji yakiwa yameshafika. Hiyo si sahihi, ni mwavuli."

Kwa siku tano nilikuwa nimemchukia, na nilikuwa nimejiandaa kuendelea. Sasa sijui nimweke wapi. Nikaomba tuwatangazie watazamaji habari ya saa. Alisema mkurugenzi amekataa katakata: saa moja inabaki saa moja, mdhamini ameridhika, na ya nyuma yasifukuliwe.

"Bwawa bado limejaa, mama."

"Najua. Nami nimeamriwa."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeandaa orodha ya juma lijalo kama kawaida. Juu yake nimeweka sentensi mbili: "Tangu tarehe 31 Machi tamthilia ya jioni, na tangazo lolote la bwawa linaloitangulia, huanza kwa saa iliyoandikwa hapa. Kabla ya tarehe hiyo saa tuliyoiandika haikuwa ya kweli, na tulilijua hilo." Nimeipeleka gazetini mwenyewe, na sikumwonyesha mtu.

Ijumaa, 25 Aprili

Imechapwa. Niliitwa kabla sijavua koti.

"Ungenionyesha," alisema Mkuu wa Vipindi.

"Ungekata, mama."

"Sentensi ya pili ningeikata." Gazeti lilikuwa wazi mbele yake. "Ya kwanza ningeiacha, na ungekuwa na kazi."

"Ya kwanza peke yake wangeisoma kama wanavyosoma orodha. Wangeongeza nusu saa."

Akakunja gazeti. Akanipa barua ya kusitisha majaribio, akasimama, akanipa mkono. Huko chini Swichi alinifungulia mlango wa nyuma ili nisipite mapokezi na boksi langu.

"Bwana Digrii, nani atanisimamia na gazeti sasa?"

Nikamwambia asimame mwenyewe. Alicheka, lakini kidogo.

Mvua imeanza tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Gazeti halifiki bondeni kwa wingi, na lililofika linafungiwa vitu dukani. Kwa hiyo nimeanza asubuhi, nyumba kwa nyumba, kutoka kwetu kuelekea mtoni. Maneno niliyoyaandaa yaliisha kwenye mlango wa pili. Wengine walinisikiliza wakiendelea kukomba matope kwa majembe. Mmoja alinifungia mlango. Mzee mmoja aliniuliza nimetumwa na nani, nikasema sikutumwa, akaniambia basi nirudi nikitumwa.

Nyumba ya mwisho alitoka mama mwenye mtoto mgongoni. Alama ya maji kwenye ukuta wake ilikuwa juu ya kichwa changu.

"Kwa hiyo wakiandika saa moja ni saa moja," alisema.

"Ndiyo, mama. Mkiwa mmechomoa kwa ajili ya radi, chomekeni kabla ya saa moja. Msisubiri nusu."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe thelathini na moja, mwezi wa tatu."

"Na siku zote hizo aliyekuwa anajua ni nani?"

Nyuma yake, ndani, watu walikuwa wanasugua sakafu. Sauti za ufagio zikanyamaza.

"Mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeibadilisha. Naishi pale juu, kwa mama mshonaji."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akageuza uso mlangoni.

"Njooni nyote," aliita, "kuna mtu hapa." Kisha akanigeukia. "Waambie. Anzia mwanzo, na usiruke kitu."

Wakatoka mmoja mmoja, mikono imelowa, wakasimama mbele yangu. Nikaanza.